Nyoka wa Ghala Letu

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta na magunia ya mahindi bado yako uani. Tumeyaburuta ghalani mimi, mume wangu na mdogo wake, huku mama mkwe akituhimiza kutoka mlangoni kana kwamba tulikuwa tunatembea matembezi ya jioni. Nilipoinua gunia la mwisho nikaona kitu cha kahawia kimejikunja pembeni mwa ukuta. Kikasogea. Nikaliachia gunia, likamwangukia mume wangu mguuni.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Shemeji, huyo ni mfanyakazi wetu. Mpishe tu."

Tumehamia hapa baada ya msiba wa baba mkwe, ili mume wangu ashike biashara ya nafaka pamoja na ndugu yake. Niliambiwa habari za panya, vumbi na wateja wasumbufu. Habari za nyoka hakuna aliyenitajia. Nimemuuliza mume wangu kwa nini alinificha, akajibu kwamba angenieleza nisingekuja. Kweli nisingekuja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sijaingia ghalani. Nimesema nina mafua.

Jumapili, 9 Machi

Mafua yamekwisha kwa amri ya mama mkwe. Amenikalisha jikoni, akanisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akitega sumu ya panya kila msimu. Sumu ile ilimaliza kuku wake, ikamaliza na paka wake, panya wakabaki wananenepa. Ndipo Shemeji akaanza kuokota nyoka wa kahawia kwenye mawe nyuma ya nyumba na kuwaachia ghalani. Mwaka huo hawakutupa hata gunia moja lililotobolewa. "Simpendi nyoka," mama mkwe akasema, "lakini panya simpendi zaidi."

Kwa hiyo ghala letu lina wafanyakazi watatu wasiolipwa. Shemeji amewapa majina. Mkubwa ni Mkaguzi, kwa sababu hupita juu ya magunia asubuhi kama anayetafuta makosa. Wa pili ni Karani. Wa tatu, mwenye haya, ni Bi Harusi, na Shemeji anasema jina hilo amempa kwa heshima yangu. Nimemwambia heshima hiyo abaki nayo.

Utaratibu wa kazi ni huu: kabla ya kuinua gunia, ulipige kwa kiganja, kisha usubiri. Kama yuko chini yake, ataondoka. Leo nimepiga kila gunia mpaka mkono ukaniwaka, hata yale yaliyokuwa nje juani.

Ijumaa, 14 Machi

Mteja mmoja kamwona Karani juu ya mizani, akakimbia akaacha kiatu. Kimebaki mlangoni.

Jumatano, 19 Machi

Leo mama mkwe amemkuta nyoka kwenye kiota cha kuku wake wapya. Alikuwa na mabaka mgongoni, na alikuwa akijisugua magamba yake mwenyewe kwa sauti ya maji yanayomwagika kwenye kikaango cha moto. Mimi nilikuwa tayari nimepanda juu ya meza. Shemeji akaja, akamshika shingoni, akamfungua mdomo mbele yangu. Haukuwa na meno hata moja. "Huyu hula mayai tu," akaeleza. "Kelele zote hizi na mabaka haya, anaiga nyoka wenye sumu ili aogopwe. Ni kama mtu mnyonge anayevaa koti la askari."

Nimecheka. Halafu nikashuka mezani, nikamwangalia kwa karibu. Jioni Shemeji amenifundisha wengine. Wa ghalani ana mistari miwili myeupe kichwani, mmoja kila upande, inayopita kwenye jicho. Wa kijani wa kwenye majani ni mwembamba kama kamba ya viatu, hula vyura na mijusi, na ukimshika atakuuma kwa hasira lakini hana kitu cha kukutia mwilini. Anasema wengi wa jamii hii hawana madhara. Nikamuuliza, wengi ndio wote? Akasema wapo wachache, ila huku kwetu hajapata kuwaona.

Sijui kwa nini nimeandika sentensi hiyo ya mwisho. Labda kwa sababu ndiyo pekee iliyonikereketa.

Jumapili, 23 Machi

Fundi cherehani amekuja kulalamika. Duka lake na ghala letu vimeegemea ukuta mmoja, na anasema wateja wake wanaogopa kuacha vitambaa. Ni mtu mrefu, mkimya, mwenye macho yasiyotulia. Alisimama uani muda wote akitazama chini, akihamisha miguu, na hakukubali kiti. Anataka nyoka wauawe wote. Asipotekelezewa atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Alipoondoka nikasema huyu naye mwoga kuliko mimi. Mama mkwe akanikata kauli. Fundi aliumwa utotoni, akakatwa vidole viwili vya mguu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, akasema, na hilo si la kuchekwa. Hata hivyo moyoni bado nilimwona msumbufu.

Ijumaa, 28 Machi

Mwenyekiti wa mtaa amekuja na fundi, na nyuma yao nusu ya barabara. Shemeji hakubishana na mtu. Aliingia ghalani, akatoka na Karani amemzunguka mkono, akakunja shati na kumchokoza mpaka akamuuma. Yakatoka matone machache ya damu. Akayapangusa kwa kiganja, akaomba chai, akainywa mbele yao mpaka ikaisha, huku akimtania mwenyekiti kwamba mbu wa nyumbani kwake ni wakali zaidi. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema mradi hawavuki ukuta, hana neno.

Fundi alikuwa wa kwanza kuondoka. Mimi nilipiga makofi. Nilijivunia Shemeji kama ndugu wa tumbo moja, na mume wangu aliniangalia kwa mshangao, maana mwezi huu ulipoanza nilikuwa nalala na miguu imefungwa ndani ya shuka.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimepiga gunia, Mkaguzi akatoka, nikampisha. Sikupiga ukelele. Nikamwambia habari za asubuhi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua haikatiki. Mashimo yamejaa maji na kila kiumbe kinapanda juu. Mtaa wa pili wamemuua nyoka wa kijani, wakamtundika kwenye ua. Nilikwenda kumwona. Alikuwa yule mwembamba mla vyura. Nilisikitika kwelikweli, na nikawaeleza waliokuwapo kwamba wameua bure. Nilizungumza kwa sauti ya Shemeji kabisa, nikiwa na ujuzi wa wiki mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Maharage yameanza kupata unyevu. Mume wangu na mdogo wake wamegombana juu ya mbao za kuwekea magunia. Fundi hatusalimii.

Jumamosi, 12 Aprili

Nataka kuyaandika haya yakiwa bado yamenikaa vizuri.

Asubuhi mvua ilinyamaza kidogo. Nikasikia kelele upande wa fundi. Nilipotoka nikakuta watu wamekusanyika chini ya mti wa kivuli ulioinamia paa la duka lake. Kwenye tawi palikuwa na nyoka wa kijani. Fundi alikuwa na ufito mrefu mkononi, na wengine walikuwa wanaokota mawe. Mmoja akaniuliza kama huyu naye ni mfanyakazi wetu.

Nikarudi ndani kumwita Shemeji. Alikuwa anachambua maharage, akasema wacha amalize sinia. Nikamvuta mkono. Nikamwambia, "Njoo uwaonyeshe."

Akapanda juu ya benchi la fundi, akanyoosha mkono taratibu, akamshika. Hapo niliona kwamba nyoka yule alikuwa mnene kuliko wale alionifundisha, na kichwa chake kilikuwa kifupi. Niliona, nikajiambia kwamba Shemeji naye ameona, na yeye ndiye ajuaye. Akakunja shati kama siku ile. Akamweka nyoka karibu na kiganja. Nyoka akauma chini ya kidole gumba.

Karani aliuma akaachia. Huyu hakuachia. Alitafuna, polepole, taya likirudi na kusogea kama mbuzi anayekula ganda. Shemeji alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikaa usoni mwake muda mrefu kupita kiasi. Fundi alikuwa ameshusha ufito na kuinua simu, anapiga picha ya video. Nilidhani anatafuta ushahidi dhidi yetu, nikamchukia.

Mwishowe Shemeji akambandua nyoka, akamrudisha kwenye tawi la upande wa pili wa ukuta, naye akapotea majanini. "Mmeona?" Shemeji akasema. Nikaanza kupiga makofi, wengine wakanifuata.

Akaingia ndani bila kumtania mtu. Jioni alisema kichwa kinamuuma, akalala mapema.

Jumapili, 13 Aprili

Ameamka vizuri. Amekula. Kidonda bado kinavuja damu kidogo, amekifunga kitambaa. Nilipomuuliza, akanijibu, "Wewe nawe. Siku moja uko juu ya meza, siku ya pili umekuwa daktari."

Nimecheka, lakini alikuwa hanitazami.

Jumatatu, 14 Aprili

Asubuhi alimega mkate, akauweka chini. Kipande alichokiuma kilikuwa na damu. Nikafikiri ameuma ulimi. Alipofungua mdomo kuniambia si kitu, nikaona damu imezunguka meno yake yote kwenye ufizi, na kitambaa cha mkononi kimelowa kabisa.

Akanivuta hadi nyuma ya mlango wa ghala. Akaniomba nisimwambie kaka yake. Akasema ikijulikana ameumia, watakuja kuchoma ghala, na kila alichokijenga kitakwisha. Itapona yenyewe. Alisema haya huku akimeza, na nilijua anachokimeza ni damu.

Nilimpenda wakati ule, na nilitaka kumpiga kofi. Nikatoka nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Hospitalini daktari, mwanamke mwenye miwani, aliuliza kwanza aina ya nyoka. Shemeji akajibu ni wa kijani wa kawaida, hana sumu, labda ana tatizo jingine la damu. Mume wangu akatia mkazo, akasema mdogo wake anawajua nyoka kuliko mtu yeyote kwetu. Alisema kwa fahari, maskini. Daktari akaanza kuandika.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikishika mfuko wa nguo. Mimi ni mke wa nyumba ile, mgeni wa msimu mmoja, na nyoka nilianza kuwajua juzi. Nikasema, "Hakuwa yule. Alikuwa mnene, kichwa kifupi, na alitafuna."

Mume wangu akageuka kunikaripia. Daktari akaweka kalamu chini na kuuliza kama kuna mtu aliyemwona vizuri. Nikakumbuka simu ya fundi.

Nikampigia mama mkwe, naye akaenda upande wa pili wa ukuta kumwomba fundi ile video. Sikutegemea lolote. Lakini fundi alifunga duka akaja mwenyewe, ameloa chapachapa, simu ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Alisimama mlangoni akihamisha miguu vilevile. Daktari akaangalia video mara kadhaa, akaisimamisha mahali ambapo nyoka ameigeukia kamera. Macho yake yalikuwa makubwa mno, ya duara, yamejaa kichwa kile kifupi.

Daktari akatueleza polepole. Huyu ni wa jamii ileile ya wasio na madhara, ila yeye ana meno ya sumu nyuma ya mdomo, ndiyo maana hutafuna. Sumu yake haina haraka. Mtu hukaa siku nzima akijiona mzima, huku damu yake inapoteza uwezo wa kuganda. Dawa ya nyoka waliyonayo haimfai, kwani imetengenezwa kwa ajili ya nyoka wengine. Huyu ana dawa yake, na haiko hapa.

Nilimtazama Shemeji. Alikuwa ameielekeza sura ukutani.

Jumanne, 15 Aprili

Dawa imepatikana mji wa mbali, itakuja kwa ndege. Mume wangu na fundi wametoa damu, vitanda vyao vimekaa jirani. Fundi alimpa mume wangu koti lake alipoanza kusikia baridi. Shemeji ana madoa meusi mikononi na kifuani, kila alipoguswa. Muuguzi ametukataza hata kumshika.

Mama mkwe amekaa kwenye kiti cha nje tangu asubuhi. Kuna wakati alisema, "Nimemzika mume msimu uliopita."

Jumatano, 16 Aprili

Mvua kubwa. Ndege haijaruka.

Mume wangu alirudi nyumbani kubadilisha nguo. Alichelewa nikamfuata. Nilimkuta ghalani, jembe mkononi, magunia yamepinduliwa kila upande na maharage yamemwagika sakafuni. Amewaua wote watatu. Bi Harusi alikuwa bado anajikunja. Nikamwambia hawa hawakufanya kitu. Akaniambia, "Najua." Akakaa juu ya gunia lililopasuka, akalia kama ambavyo hakulia siku ya maziko ya baba yake. Nikakaa naye. Aliyemvuta Shemeji mkono mpaka chini ya mti ule ni mimi.

Tumewazika nyuma ya nyumba, tukarudi hospitalini. Ndege haijaruka.

Alhamisi, 17 Aprili

Shemeji ametapika damu. Jicho la kushoto limekuwa jekundu kabisa. Anatujua, lakini anajibu kwa neno mojamoja. Daktari haondoki wodini.

Mchana mawingu yamepasuka. Dawa imefika, imebebwa kwenye sanduku la barafu lisilozidi sanduku la viatu. Nimesali kwa maneno niliyoyasahau tangu shule.

Jumamosi, 19 Aprili

Damu imeanza kuganda. Daktari ametuonyesha kwenye kijichupa: alikiinamisha, damu haikumwagika. Mama mkwe alikiomba akishike yeye.

Jumapili, 27 Aprili

Yuko nyumbani. Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Nilimwambia mwenyewe habari za Mkaguzi na wenzake, kwa kuwa mume wangu alishindwa. Kwa siku zote zile za kutapika damu hakutoa chozi. Leo alilia. Kisha akamwita kaka yake, akamwambia hana kinyongo.

Panya wamerudi. Tunawasikia.

Jumapili, 4 Mei

Fundi amekuja na shati jipya alilomshonea Shemeji, mikono mirefu, vifungo mpaka kiganjani. Hakusema ni la nini. Safari hii alikubali kiti. Nilimpa chai na nikamwomba radhi kwa mambo ambayo hakujua niliyafikiri. Akasema hata yeye, siku ile, aliinua simu ili amwonyeshe mwenyekiti. Hakuwa na nia njema. Nikampenda zaidi kwa kukiri.

Alipoondoka, Shemeji alibaki akilitazama lile shati magotini. Akaniambia jambo ambalo hajamwambia kaka yake.

"Nilimjua, Shemeji. Aliponigeukia tu, nikaona yale macho, nikamjua. Ningeweza kumrusha kabla hajauma."

Nikamuuliza kwa nini hakumrusha.

"Watu walikuwa wananitazama. Na wewe ulikuwa umeshaniita."

Nilikasirika mpaka nikasimama. Nikamwambia angekufa, na kwamba mama yake angemzika mwana akiwa bado na nguo za msiba wa mume, na yote hayo kwa ajili ya kutazamwa. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Ninamkasirikia, lakini kila nikimkasirikia naisikia sauti yangu ikisema, njoo uwaonyeshe.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imekatika. Tumetoa magunia nje yapate jua. Yaliyotobolewa na panya tumeyaweka upande mmoja, na upande huo ni mkubwa.

Wakati mume wangu anaburuta gunia la mwisho, nyoka wa kahawia akatokea kwenye mawe, akaja moja kwa moja kuelekea mlango wa ghala. Mume wangu akaokota jembe. Mama mkwe akaita kuku wake. Wote tukageuka kumtazama Shemeji, kama ilivyokuwa siku zote.

Mume wangu akamuuliza, "Huyu ni yupi?"

Shemeji alikuwa amekaa juani na shati lake la mikono mirefu. Alimtazama nyoka, midomo ikamcheza. "Sijui," akasema, na akatazama pembeni.

Jembe likainuka. Nilijikuta nimesogea mbele, kati ya jembe na nyoka, nimeinama. Nilitafuta mistari miwili myeupe kichwani, nikaona mmoja. Upande wa pili ulikuwa na tope. Nikatazama jicho, lilikuwa dogo. Nikasubiri mpaka akageuza kichwa, na chini ya tope nikauona wa pili.

"Ni wa ghalani," nikasema. "Mpishe."

Mume wangu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akashusha jembe, na nyoka akapita karibu na mguu wangu, akaingia ndani. Shemeji hakugeuka mpaka alipokwisha kupita. Mimi nikalipiga lile gunia la mwisho kwa kiganja, nikasubiri.